Homa na kikohozi, katoka OPD na dawa sita

Mkuu, hilo la mdogo wako kwenda OPD (kwa wagonjwa wa nje) na homa na kikohozi cha siku mbili, kipimo kikaonyesha hana malaria halafu akatoka na dawa sita, mimi nakaa dirisha la dawa na karatasi za hivyo naziona kila siku. Zipo nyingi ila sio sawa. WHO tangu 1993 wana vigezo vya kupima uandikaji wa dawa kwa wagonjwa wa nje, kimoja ni wastani wa dawa kwa mgonjwa na inatakiwa usifike hata mbili.

Angalia orodha uliyoweka: azuma (azithromaisini) na sindano za seftriaksoni, hizo ni antibayotiki, diklofenaki na panadol za homa na maumivu, setirizini ya mafua ya aleji na omeprazoli ya kupunguza asidi tumboni. Hiyo omeprazoli imewekwa kwa sababu diklo inachoma tumbo, na diklo yenyewe haikuwa na kazi maana panadol ipo, kwa hiyo ukitoa diklo na omeprazoli inaondoka. Karatasi nyingi ukizisoma hivyo zinabaki na dawa mbili, wakati mwingine moja.

Pabaya ni hizo antibayotiki mbili. Kikohozi cha siku mbili na mafua mara nyingi ni virusi tu, antibayotiki haigusi kitu, na hizo zote mbili WHO wameziweka kundi la kutumia kwa uangalifu kwa sababu ya usugu, yaani vijidudu kuzizoea dawa. Sasa kwa nini zinaandikwa? Sio kwamba daktari hajui, wengi wanajua vizuri sana. Foleni imefika getini, kipimo cha kuotesha vijidudu kinachukua siku kadhaa na hapo ni kama maabara wanacho, basi inapigwa Widal (kipimo cha damu cha taifodi), ikisoma kidogo tu mtu anaambiwa ana taifodi, wakati Widal ya mara moja inaweza kusoma hata kwa mtu aliyeugua zamani akapona. Na wagonjwa nao jamani, mtu akipewa panadol peke yake anatugombeza sisi dirishani kwamba hajatibiwa, wengine wanadai sindano kabisa, wakinyimwa jioni wako duka la dawa wananunua azuma bila cheti.

Asiache dawa kienyeji, arudi na hiyo karatasi aulize antibayotiki ni ya ugonjwa gani na anatumia siku ngapi. Akiona aibu kumuuliza daktari amuulize mfamasia, sisi huwa tunapiga simu chumba cha daktari na dawa inafutwa bila ugomvi (sio madaktari wote wanapenda lakini ndio kazi). Ila kama anahema kwa shida, kifua kinambana au anakohoa damu basi haya niliyosema yasimhusu, awahi tu hospitali, hapo antibayotiki inaweza kuwa sahihi kabisa.

Halafu ana vidonda vya tumbo? Kama anavyo amwambie daktari kabla hajameza hiyo diklo.