Kesheni na dira kabla ya kuomba mkopo

Nimefanya kazi kwenye mamlaka za maji za miji kwa miaka kumi na tisa. Wahandisi vijana na madiwani huniuliza swali lile lile: mji unakua, maji hayatoshi, tuanzie wapi? Wengi huwa wameshajipa jibu, yaani chanzo kipya, chujio jipya na tenki kubwa kilimani. Mimi huwaambia waanzie kwenye shimo la dira, yaani kifaa cha kupimia maji yanayopita bombani, saa nane za usiku.

Mji mmoja nilikofanya kazi ulipata mkopo, ukajengewa tenki. Siku ya kufungulia maji tulishangilia. Haikupita wiki, mabomba ya zamani ya asbestosi, yaliyozoea presha ndogo ya maji ya mgao, yakaanza kupasuka mtaa baada ya mtaa. Hakuna aliyeupima mtandao kabla ya kuchora mradi, na saini yangu ilikuwamo kwenye michoro ile. Bado inaniuma.

Ndipo tukaanza kukesha. Tulichagua mtaa wa nyumba kama mia sita, tukafunga vali za pembeni ili maji yaingie kwa bomba moja tu, na hapo tukaweka dira. Usiku watu wamelala, sindano inatakiwa itambae. Ile ilikuwa inakimbia: lita elfu moja kwa dakika mbili. Tulifuata bomba kwa miguu, tochi mkononi, mpaka kukapambazuka, tukafika kwenye mtaro wa mvua ambako maji meupe yalikuwa yakibubujika chini ya kalavati. Mama mmoja alikuwa ameshaanza kufua. "Chemchemi hii hata kiangazi haikauki, wanangu," akatuambia. Nikachota kwa kiganja, nikanusa. Klorini.

Piga hesabu: kwa kasi ile ni lita 720,000 kwa siku, maji yaliyokwisha kusafishwa na kusukumwa kwa umeme wa kulipia. Tulibadilisha mita kumi na nane za bomba kwa siku mbili, na mtaa wa juu, uliokuwa ukipata maji mara mbili kwa wiki, ukaanza kuyapata kila siku. EWURA, mdhibiti wa huduma za maji na nishati Tanzania, huvumilia upotevu usiozidi asilimia 20. Kama mji wako unapoteza 40, chanzo chako cha kwanza kiko ardhini chini ya barabara zako.

Fedha nazo hufuata dira. Tazama Tanga. Februari 2024 mamlaka yao ya maji ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji sokoni kwa ajili ya mradi wenye faida kwa mazingira, ya miaka kumi, ikitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wawekezaji walileta zaidi ya kilichoombwa. Lengo lilikuwa kupandisha uzalishaji kutoka mita za ujazo 42,000 hadi 60,000 kwa siku. Wengi husifu ukijani wake. Mimi jicho langu liko kwenye riba, zaidi ya bilioni 7 kila mwaka, ambayo lazima itoke kwenye bili za wateja. Mwekezaji hakubali hilo mpaka aone vitabu vya miaka kadhaa: dira zinasomwa, bili zinalipwa, hesabu zimekaguliwa. Heshima hiyo Tanga waliijenga muda mrefu kabla ya kwenda sokoni. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "na sisi tutoe hatifungani", muulize kwanza makusanyo ya mwezi uliopita.

Jambo jingine la Tanga: maji yao hutoka Mto Zigi, unaoteremka kutoka Usambara Mashariki hadi bwawa la Mabayani. Mkulima wa huko juu akilima hadi ukingoni, tope linashuka na gharama ya kusafisha maji inapanda. Wakulima wa bonde hilo wana umoja wao, UWAMAKIZI, unaolinda kingo za mto. Fungu la watu wa chanzo liwe ndani ya bajeti ya mradi tangu mwanzo. Msiliache likawa posho ya semina.

Na kabla hujasaini chochote, dai majibu mawili kwa maandishi. Bili ya umeme wa pampu itakuwa kiasi gani mwezi wa kwanza baada ya mkandarasi kuondoka? Na majitaka yataelekea wapi? Ukiingiza maji mengi nyumbani kwa watu, mengi yatatoka, na mji wenye vyoo vya shimo pekee utayaona barabarani mvua ya kwanza ikinyesha.