Maswali ya Wasomaji: Mwambao Uliokodishwa

*Assalamu aleikum. Barazani tunabishana. Mzee wetu asema Wajerumani na Waingereza waliwahi kuigombea Lamu mbele ya msuluhishi Mbelgiji. Ni kweli? Waligombea nini hasa?* (Msomaji, Mkomani, Lamu)

Waaleikum salaam. Mzee wenu asema kweli. Waligombea forodha: nani atoze ushuru bandarini Lamu kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar. Kampuni ya Kijerumani ya Witu (Witu ni usultani mdogo wa bara karibu na Lamu) ilidai imeshaahidiwa. Kampuni ya Kiingereza ya Mackinnon ikadai ahadi yake ni ya tangu zama za Sultani Seyyid Barghash. Kesi ikapelekwa kwa Baron Lambermont wa Ubelgiji, naye akatoa uamuzi tarehe 17 Agosti 1889.

Wajerumani walisema mapatano ya 1886 kati ya Ujerumani na Uingereza yaliwakomesha Waingereza kwenye Mto Tana, na Lamu iko kaskazini yake. Msuluhishi akajibu kwamba mapatano yale yaligawa nchi iliyo kati ya Ruvuma na Tana tu. Nje ya hapo hayakumpa mtu haki, wala hayakumnyima. Kisha akazipima ahadi zenyewe. Kukodisha forodha ni mkataba wa pande mbili, kwa hiyo masharti yake, kama muda na kodi, sharti yawe wazi. Maneno ya kuonyesha nia hayamfungi mtu. Kwa kipimo hicho hakuna upande uliothibitisha haki yake. Sultani alibaki huru kumpa amtakaye, na akiwapa Waingereza hapana wa kumzuia kisheria. Akawapa mwezi uo huo. Kwetu sisi, lenye uzito zaidi katika hukumu ile ni kwamba mwenye haki ya Lamu alitambuliwa kuwa Sultani, na madola yale mawili yakasimama mbele ya msuluhishi kama waombaji.

*Baada ya 1895, hakimu wa Malindi alihukumu kwa mamlaka ya nani?* (Msomaji, Malindi)

Kwa mamlaka ya Sultani yaliyokabidhiwa Waingereza. Mkataba wa 14 Desemba 1895 uliwapa utawala na mahakama za Mwambao, lakini enzi ikabaki ya Sultani na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea. Kodi ilikuwa pauni 11,000 kwa mwaka, pamoja na pauni 6,000 za riba ya asilimia 3 juu ya pauni 200,000 zilizotumika kuikomboa haki ya kampuni ya Mackinnon. Jumla pauni 17,000. Kwa kuwa enzi ilibaki ya Sultani, mwaka 1920 bara ilipofanywa koloni, Mwambao uliitwa himaya, yaani nchi inayolindwa tu, na mahakama za makadhi, maliwali (watawala wa miji) na mamudiri (wasaidizi wao) zikaendelea.

Mpaka wa mamlaka hayo uliulizwa wazi katika kesi ya ushuru wa daraja la Nyali, iliyofika Mahakama ya Rufaa London mwaka 1955. Jaji Denning alikiri kwamba kisheria mamlaka ya Uingereza Mwambao yana kikomo, ila akasema mahakama hazitakiweka kikomo hicho. Zitawaamini wawakilishi wa Serikali ya Uingereza waujue mpaka wao na wasiuvuke. Kwa maoni yetu hapo haki ya mwenye mali ilidhoofika sana, kwani mpangaji aliachiwa kamba ajipimie mwenyewe.

*Na sisi wa Mpeketoni tulikuwamo?* (Msomaji, Mpeketoni)

Hapana. Ukanda ule wa Mwambao uliokodishwa ulikuwa wa maili 10 za baharini, karibu kilomita 18.5, kuanzia maji yanapokomea yakijaa, na ulikoma Kipini, kwenye mlango wa Mto Tana. Kaskazini ya hapo zilihesabiwa kwa Sultani Lamu, Manda na Pate. Bara iliyo nyuma ya visiwa hivyo ina historia ya Witu, iliyokuwa chini ya Wajerumani hadi 1890.

*Tuna hati ya kadhi ya zamani, kwa Kiarabu, ya shamba la babu. Je, yatosha?* (Msomaji, Malindi)

Peke yake haitoshi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye madai Mwambao ayafikishe kwa msajili. Aliyekubaliwa alipewa cheti. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Wengi waliokaa na kulima bila karatasi, Wamijikenda hasa, walipotezea hapo, na mizozo ya maskwota tunayoiona leo ina mzizi wake huko.

Tafuteni kwanza cheti hicho, au angalau namba ya kiwanja au ya CR (namba ya daftari la ardhi la Mwambao), kisha ombeni upekuzi wa daftari katika masjala ya ardhi Mombasa. Jina likiwa la babu, hati yenu ya kadhi itasaidia kuonyesha mnunuzi au warithi. Hati za umiliki kamili zilizosajiliwa ziliahidiwa kutambuliwa katika makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyoukabidhi Mwambao kwa Kenya, basi msikubali kuambiwa cheti cha mkoloni hakina maana.

Wengi hukosea mlango. Mahakama ya Kadhi huamua hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Mgeni aliyelikalia shamba hashtakiwi huko. Hushtakiwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, nayo ipo Malindi. Fungueni mirathi mapema ili awepo mwenye haki ya kushtaki, na msichelewe, kwa kuwa aliyeikalia ardhi wazi wazi miaka 12 bila idhini anaweza kuiomba mahakama imtambue yeye kuwa mmiliki.