Pingo: uliza kwanza maji yametoka wapi

Haya, mmeniandikia tena. Tangu picha za mashimo ya Siberia zirudi kuzunguka kwenye simu za watu, maswali kuhusu pingo hayakatiki: vile vilima vyenye kiini cha barafu vinavyoota kwenye ardhi iliyoganda kudumu. Ardhi hiyo, nasema tena, ni ile inayobaki chini ya nyuzi sifuri kwa miaka miwili au zaidi mfululizo. Waliouliza jambo lilelile nimewajibu kwa pamoja.

Tulifundishwa kwamba pingo huinuka kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Mbona wewe unabisha?

Nabisha kwa sababu hesabu inakataa. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi. Ibyuk, pingo maarufu karibu na Tuktoyaktuk kaskazini mwa Kanada, ina kimo cha mita 49 hivi. Ukitaka kuinua ardhi kiasi hicho kwa kutanuka kwa maji yaliyo chini yake tu, utahitaji maji matupu yenye kina cha zaidi ya mita 500. Hayapo. Mengi ya maji hayo yametoka pembeni, na mbele ya pingo yoyote maswali ni hayahaya: yametoka wapi, na nini kiliyasukuma?

Huko Tuktoyaktuk jibu ni ziwa lililokauka. Ziwa lenye kina cha kutosha haligandi mpaka chini wakati wa baridi, kwa hiyo mchanga ulio chini yake hubaki bila kuganda ingawa umezungukwa na ardhi iliyoganda. Kisha ziwa linapata upenyo. Bahari inamega ukingo, au kabari za barafu zilizomo ardhini zinayeyuka na kufungua mfereji, maji yanakwenda zake. Sakafu ya ziwa inabaki wazi na baridi inaanza kushuka. Hapo ndipo ile asilimia 9 inapofanya kazi yake halisi. Maji yaliyo kati ya chembe za mchanga yakiganda yanataka nafasi zaidi, basi yale ambayo bado hayajaganda yanasukumwa mbele. Hayana pa kutokea, maana juu kumeganda, pembeni kumeganda, na chini nako mara nyingi kumeganda. Shinikizo linapanda mpaka linainua ganda la juu pale lilipo jembamba kuliko kwingine, kwa kawaida mahali palipobaki kidimbwi. Maji yanajikusanya chini ya uvimbe huo na kuganda polepole, na hicho ndicho kiini cha pingo. Kutanuka kupo, ila kazi yake ni ya pampu, na pampu hiyo inasukuma maji ya eneo zima la ziwa kuelekea sehemu moja.

Mchanga nao msiusahau. Kwenye udongo mfinyanzi mambo hugeuka: badala ya maji kusukumwa mbali na barafu, huvutwa kuielekea na kutengeneza tabaka nyembamba. Ukimsikia mtu anaeleza pingo bila kutaja aina ya udongo, jua amekariri tu.

Kwa hiyo pasipo na ziwa hapana pingo?

Zipo. Kwenye mabonde ya Svalbard, visiwa vya Norwei huko Aktiki, na ya Greenland maji hutoka milimani, hupita chini ya ardhi iliyoganda au kwenye nyufa zake, na kufika bondeni yakiwa na shinikizo la kule yalikotoka. Yakipata udhaifu, yanainua ardhi na kuganda. Pingo za namna hii hupenda kukaa kwa makundi, mpya ikiota ubavuni mwa iliyokufa, kwa sababu chemchemi haijakoma. Baadhi ya zile za Svalbard hutoa maji yenye methani, gesi inayowaka, iliyotoka chini sana. Wanaopiga hesabu za gesi ya Aktiki kwa kuangalia madimbwi na vinamasi peke yake wanausahau mlango huu.

Ipi ndefu kuliko zote?

Kadleroshilik, Alaska, mita 54 hivi. Ibyuk inaifuata. Mngeweza kulitafuta hilo wenyewe.

Palsa na pingo si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na hii ni mara ya ngapi? Palsa ni kilima cha mboji, yaani mabaki ya mimea yasiyooza kabisa, chenye tabaka za barafu iliyovuta maji taratibu, kama zile za Lapland kaskazini mwa Ulaya, na ni nadra kuzidi mita 10. Pingo ina bonge la barafu lililotokana na maji yenye shinikizo. Anayeandika habari akachanganya majina haya anachanganya pia kinachoviua, kwa sababu palsa hukaa kwenye ukingo wa ardhi iliyoganda na hufa mapema zaidi joto likipanda.

Pingo hukua kwa kasi gani?

Ikiwa changa inaweza kupanda zaidi ya mita moja kwa mwaka. Ikizeeka hutambaa tu: Ibyuk inakadiriwa kuwa na umri usiopungua miaka 1,000 na bado inaongezeka sentimita 2 hivi kwa mwaka. Upana wake huamuliwa mapema, halafu inaendelea kwenda juu.

Haya tunayajua kwa sababu ya mtu mmoja zaidi ya wengine, J. Ross Mackay, mwanajiografia wa Kanada aliyefariki mwaka 2014. Alirudi kwenye vilima vilevile kwa miongo mingi, akipima kimo na kutoboa hadi kwenye maji yaliyonaswa chini ya barafu. Ndiyo maana tunajua kuna pingo zinazoshuka maji hayo yanapovuja, kisha zinainuka upya. Mwaka 1978 alikausha ziwa zima, Illisarvik, ili aione ardhi ikiganda kuanzia siku ya kwanza. Leo mtu anatazama picha mbili za setilaiti kabla ya chai na kutangaza kwamba pingo "imeanza kufa". Huenda imevuja tu.

Nimetuma picha ya pingo iliyopasuka kileleni. Huu si ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi?

Ardhi iliyoganda inapata joto, na sina ubishi na vipimo vya joto vilivyochukuliwa miongo kadhaa ndani ya visima. Picha yako lakini haithibitishi hilo.

Pingo hubeba mauti yake tangu ujana. Kadiri inavyoinuka, ndivyo ngozi yake ya udongo inavyovutwa, mpaka kilele kinapasuka kama mkate ulioumuka kupita kiasi. Nyufa zinafungua njia ya joto na mvua, udongo unaporomoka mitelemkoni, na barafu iliyokuwa imefunikwa inaliona jua. Inayeyuka, dimbwi linatokea kileleni, na maji hayo yanaila barafu iliyobaki. Mwishowe unabaki ukingo wa mviringo wenye kidimbwi katikati. Pale pwani mawimbi hufupisha safari yote hiyo. Yametokea karne nyingi kabla ya viwanda: jimboni Drenthe, Uholanzi, kuna vidimbwi vya duara vilivyoachwa na pingo za enzi ya barafu, vimejaa mboji yenye chavua ya mimea ya kale. Hata huko kuwe na tahadhari. Miviringo ya Hautes Fagnes, Ubelgiji, iliitwa pingo kwa miaka mingi kabla ya watafiti kuihamishia kwenye jamii ya vilima vyenye tabaka za barafu, jamaa wa palsa wasio na mboji.

Ukitaka ushahidi, niletee idadi ya zilizobomoka katika eneo zima, kwa miaka mingi, pamoja na joto la ardhi. Picha moja inanionyesha pingo moja.

Na lile shimo la Yamal, Siberia, la 2014? Ni pingo iliyolipuka?

Ni gesi iliyolipuka. Kabla ya shimo palikuwa na kilima, ndiyo, lakini barafu haipasuki na kurusha mabonge ya udongo mbali namna ile. Kinachofanya hivyo ni methani iliyobanwa. Namna gesi ilivyofika na kukaa pale bado inabishaniwa. Msiniletee tena vimondo wala makombora.

Zipo baharini? Na kwenye Mars?

Chini ya Bahari ya Beaufort, kaskazini mwa Kanada na Alaska, kuna vilima vinavyofanana nazo, na manahodha wa meli ambazo tumbo lake hushuka sana majini huviogopa kwa haki. Sayari ya Mars, hasa tambarare yake iitwayo Utopia Planitia, ina vilima vinavyodhaniwa kuwa pingo. Umbo peke yake halitoshi. Mpaka mtu atoboe, ni dhana.

Nikifika Tuktoyaktuk, naweza kupanda Ibyuk?

Usipande. Majani na udongo wa juu ndivyo vinavyoikinga barafu. Nyayo zikichimba njia, maji ya mvua yataifuata njia hiyo, na mmomonyoko utaendelea ukiwa umesharudi kwenu. Kanada imezihifadhi pingo 8 za hapo kwa sababu hizi. Itazame ukiwa chini: mita 49 kwenye tambarare ile utaziona tangu mbali.