Wasomaji Wauliza: Maua ya Jangwani Niyafuate Lini?

SWALI: Assalam aleikum mhariri. Bintiangu kaolewa San Diego, Marekani, na juzi kajifungua, kwa hivyo mwezi wa tatu inshallah naenda kumwona mjukuu. Mkwe wangu asema karibu na kwao kuna jangwa na mwezi huo hujaa maua mpaka ardhi haionekani. Mimi jangwa nalijua la kwenye TV, mchanga na ngamia basi. Ni kweli au anicheza shere? Na naweza kuchukua mbegu nije nipande hapa kwangu? – Mama wa Shela, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam mama, na hongera ya mjukuu. Hakuchezi shere, jangwa lenyewe laitwa Anza-Borrego, ni hifadhi ya jimbo la California, na kutoka San Diego ni kama masaa mawili kwa gari. Ila kuna jambo huenda mkwe hakukwambia: si kila mwaka. Mbegu za maua yale hulala mchangani, nyingine miaka na miaka, na ganda lake lina kitu kinachozizuia kuota mpaka ije mvua ya maana ikioshe, manyunyu hayafui dafu, alafu hiyo mvua inatakiwa ianze kama mwezi wa kumi au kumi na moja, irudi rudi wakati wa baridi, na jua lisiwahi kuwa kali wala upepo usikaushe miche. Kimoja kikikosekana ndio unakuta mchanga wako wa TV. Kule Death Valley, jangwa jingine la kaskazini zaidi, mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 50 tu (Malindi yetu ni kama 1,000!) na watu hadi leo wanataja 1998, 2005 na 2016, manake ndio miaka ilochanua kisawasawa. Hiyo ya 2016 ilifuatia mafuriko ya Oktoba 2015.

Kwa hivyo usifunge tarehe ukiwa Malindi. Ukifika, mwambie bintiyo apige simu ya maua, wallahi ipo, taasisi ya Theodore Payne Foundation ina laini ambayo kila Ijumaa, kuanzia mwezi wa tatu, inaeleza wapi kumechanua wiki hiyo kusini mwa California. Maua yanaanzia mabondeni chini kwenye joto, mwisho wa Februari na Machi, alafu yanapanda mlima kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda. Ukiambiwa chini kumekwisha, usirudi nyumbani, panda juu.

Saa nayo ina maana. Kuna ua jeupe kubwa la mchangani linachanua jioni kama asmini zetu, wageni wake ni nondo wa usiku, na jua likipanda linasinyaa, hilo uwahi asubuhi mapema. Yale ya manjano, jamaa ya alizeti, na ya zambarau yanayotambaa chini hayana haraka. Mengine ni madogo sana mpaka ulale kifudifudi ndio uyaone, na mi naona hayo ndio matamu kuliko zulia lote la rangi ambalo kila mtu anakimbilia kupiga picha. Na hata mwaka ukiwa mkavu hutarudi bure: dungusikakati huweka maji mwilini, na ocotillo, zile fimbo ndefu za miba zenye maua mekundu nchani, huchanua karibu kila mwaka.

Beba maji mengi, mtandio wa kukinga jua, na usitegemee simu, netiweki kule ni ya kubahatisha. Tembea kwenye njia ilokanyagwa tayari. Mwaka 2019 pale korongo la Walker Canyon, mji wa Lake Elsinore, watu walifurika kupiga selfi kwenye maua ya popi ya rangi ya chungwa, barabara zikafunga, maua yakalaliwa na kukanyagwa, na 2023 yalipochanua tena mji ukafunga korongo zima. Ndio adabu yao.

Mbegu? Hapana mama. Kwenye hifadhi kuchuma ni kosa, na hapa kwetu mbegu haiingii bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mimea. Na hata ikiingia, unyevu wa kusi utaiozesha tu.

SWALI: Mhariri mi visa ya Marekani n'shanyimwa. Afrika hakuna? – Kijana wa Langoni, Lamu

JIBU: Ipo bana, Afrika Kusini, tena huko Mkenya haombi visa tangu Januari 2023, siku 90 kwa mwaka. Nenda sehemu ya Namaqualand mwezi wa nane au wa tisa, huku kwetu kusi ikivuma. Kutoka Cape Town unashika barabara ya N7 mpaka Springbok, kama kilomita 550, hapo karibu kuna hifadhi ya Goegap, na ukirudi chini upande wa Kamieskroon kuna hifadhi nyingine, Skilpad. Maua ya kule, ya rangi ya chungwa, hutazama jua, na kule jua liko kaskazini, kwa hivyo kuyaangalia endesha ukielekea kusini, yatakutazama usoni, ukielekea kaskazini unaona visogo tu. Yanafunguka kama saa tano mpaka saa tisa, kukiwa na mawingu hayafunguki kabisa, kunywa kahawa ungoje. Pesa ikiwa chache kuna West Coast National Park pale Langebaan, saa moja na kitu kutoka Cape Town, sehemu ya Postberg inafunguliwa Agosti na Septemba tu.

SWALI: Nina waridi la jangwa kwenye chungu, nalitia maji kila siku, majani tele maua hamna. – Bi wa Maweni, Malindi

JIBU: Punguza maji bibi, udongo ukauke kabisa kabla ya kutia tena, na lipeleke juani, si barazani. Ukilikata vaa glavu na watoto wakae mbali, utomvu wake ni sumu, watu walikuwa wakipaka mishale.