Kabla ya kuchagua kiwiliwili cha nzi, tafuta bilauri ya maji

Ukimwambia mtu kwenye matatu kwamba kazi yako ni kufunga nzi, atacheka mpaka ashuke. Nimezoea. Nilianza kazi hii Nairobi kabla sijapata watoto, sasa kifungua mimba wangu yuko kidato cha tatu, na mama mkwe wangu bado huwaeleza majirani kwamba nafanya "vile vitu vya Wazungu vya samaki". Hajakosea sana. Nzi tunaowafunga, yaani chambo bandia cha mfano wa mdudu kinachofungwa kwa uzi na manyoya kwenye ndoana, huenda Uingereza, Marekani na kwingineko, kwa wavuvi wa samaki aitwaye trauti. Wachache hubaki hapa kwa wale wanaovua kwenye mito ya Aberdare na ya Mlima Kenya. Trauti wako huko tangu mwaka 1905, mayai yao yalipoletwa kutoka Scotland na kutiwa katika mto Gura.

Nawaandikia ninyi mnaokaa mbele ya vaisi, kile kibano cha kushikia ndoana, kwa mara ya kwanza. Mabawa mtafundishwa, na kola pia, ule unyoya unaozungushwa shingoni mwa nzi, maana kila msimamizi hupenda kuonyesha ufundi wa mabawa. Kiwiliwili hupewa dakika tano: zungusha hii, rangi ni hiyo, endelea. Kosa langu kubwa kuliko yote kazini lilianzia kwenye dakika hizo tano.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili. Oda ilikuwa ya Adams, dazeni 30, ndoana namba 14. Adams ni nzi wa kijivu wa kuelea juu ya maji, aliyefungwa mara ya kwanza mwaka 1922 na Len Halladay wa Michigan, na kiwiliwili chake ni manyoya laini ya maskrati, yule panya mkubwa wa majini wa Amerika Kaskazini. Nilipomaliza dazeni ya 11 manyoya yakaniishia. Kungoja stoo ni kukaa bure, nasi tunalipwa kwa dazeni. Kwenye mkoba nilikuwa na uzi wa sufu wa kijivu, kwa kuwa nilikuwa namfumia kofia mtoto aliyekuwa tumboni. Nikauchambua kwa kitana, nikausokota kwenye uzi wa kufungia, ukakaa vizuri ajabu. Rangi ni ileile. Msimamizi akapita, akasema safi.

Mnunuzi alichovya watatu tu kwenye maji. Waligeuka rangi ya udongo wa mvua, wakazama kama kokoto. Dazeni 19 nilizikata mwenyewe kwa wembe ili tuokoe ndoana, na sikulipwa hata senti.

Sufu iliyosafishwa inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake bila mkono kuhisi kwamba imelowa. Sifa hiyo ni nzuri kwa kofia ya mtoto. Kwa nzi wa kuelea ni balaa.

Tangu siku hiyo nina bilauri ya maji kando ya vaisi. Kila kitu kipya, kabla hakijaingia kwenye oda, nakifunga kwenye ndoana moja na kukitupa mle. Sikibonyezi kwa kidole. Nakiangusha kutoka juu kidogo, kama kinavyoangushwa na fimbo ya mvuvi, naendelea na kazi, halafu nakitazama baada ya dakika kumi. Kisha nainua bilauri na kutazama kwa chini, dhidi ya mwanga wa dirisha, kwa sababu samaki yuko chini na mbingu iko nyuma ya nzi. Rangi uliyoipenda kwenye kiganja mara nyingi huioni tena. Unaona umbo, unene, na kama mwanga unapenya pembeni au la.

Ukweli ni kwamba nzi wengi wa kuelea hawaelei kama boya. Chuma cha ndoana kina uzito wa karibu mara 8 ya maji ya ujazo uleule. Kinachowabeba ni utando wa juu wa maji, uleule unaoweza kubeba sindano iliyopakwa mafuta ukiilaza taratibu. Kola ya unyoya wa jogoo hutandaza uzito juu ya utando huo kupitia ncha nyingi ndogo. Kiwiliwili kikinywa maji, kinaongeza uzito na kuuvuta utando chini, na kola yako nzuri haitasaidia kitu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila pakiti unayopewa ni kama kilichomo kinakunywa maji. Rangi ni swali la tatu au la nne.

Tuanze na dabingi, yaani manyoya laini yanayosokotwa kwenye uzi, kwa sababu ndiyo mtakayoshika kila siku. Wanyama wanaoishi majini, kama maskrati na biva, wana manyoya ya chini mafupi na yaliyobanana yanayonasa hewa ili ngozi isilowe. Fuko naye, ingawa ni wa udongoni, manyoya yake ni laini kupita kiasi. Ila usikate na kusokota ovyo. Shika kifungu, vuta zile nywele ndefu ngumu za juu uziweke kando, ubaki na manyoya laini ya chini. Manyoya ya sikio na uso wa sungura pori ni habari nyingine. Hayo tunayataka na miiba yake, kwa nzi wa kuchakaachakaa anayekaa nusu majini. Ukipewa oda ya nzi mwembamba wa namba 18 usiyaguse.

Ya viwandani inayonifaa zaidi ni polipropilini laini. Polipropilini ni plastiki ileile ya magunia ya kufumwa ya sukari na mahindi. Yenyewe ni nyepesi kuliko maji, kama sehemu 0.9 kwa 1, na hainywi karibu chochote. Nailoni na poliesta ni nzito kuliko maji. Hazinywi sana, ila zinaelekea chini. Zote hung'aa na kupendeza kwenye pakiti, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Bilauri inazitofautisha: angusha kifungu kidogo, ukizamishe kwa kijiti ili hewa itoke, halafu uone kama kitapanda.

Na kiasi! Kila mgeni husokota dabingi nyingi mno. Chukua kiasi unachodhani kinatosha, gawa mara mbili, tupa nusu, halafu ile iliyobaki gawa tena. Uzi wako uonekane kama umepigwa vumbi tu. Sokota upande mmoja, usirudi nyuma, maana ukirudi unafumua ulichofanya. Kiwiliwili kinene ni sponji hata kama ni cha biva.

Kuna kisa ambacho wanafunzi wangu hucheka nacho, nami nakisimulia kwa sababu kinaeleza sufu vizuri kuliko mimi. Karibu mwaka 1900, R. S. Austin wa Tiverton, Uingereza, alifunga nzi ambaye kiwiliwili chake kilichanganywa na sufu kutoka kwenye korodani za kondoo dume. Nzi huyo akaitwa Tup's Indispensable, na "tup" ni huyo kondoo. Sufu ya pale ina mafuta mengi ya asili na rangi yake ina uwekundu wa mbali. Sufu yenye mafuta yake inafukuza maji, na ikishafuliwa na kutiwa rangi kiwandani haina tena kinga hiyo. Ile yangu ya kofia ilikuwa imefuliwa mpaka basi.

Sasa njoo kwenye kikonyo cha unyoya, ninachokipenda kuliko vyote. Unyoya wa tausi, pale kwenye jicho, una nyuzi ambazo ukizivua manyoya hubaki kamba bapa yenye upande mweusi na upande mweupe. Ukiizungusha kwenye ndoana unapata pingili za giza na nuru kama tumbo la mdudu halisi. Haina unene, na hakuna pa kunasa maji. Nzi wa namna hii huwa mwepesi sana.

Tatizo lake ni kuvunjika. Kuvua kwa kucha kunachosha, na ukiwa na oda ya dazeni 40 utalia. Wengi wetu tunatumia maji ya kublichi yaliyochanganywa na maji ya kawaida: tumbukiza jicho zima, tikisa, usiondoe macho. Manyoya yakianza kuachia toa haraka, suuza sana. Ukienda kupokea simu utarudi ukute kamba zilizoiva kupita kiasi, zinakatika ukizigusa. Nimefanya hivyo zaidi ya mara moja. Kabla ya kufunga loweka kamba kwenye maji ili zilainike, na uti wa ndoana uutandaze kwa uzi laini usio na vinundu, maana kamba hiyo itaonyesha kila nundu. Ukimaliza paka vanishi nyembamba. Wengine hupitisha waya mwembamba juu yake kwa ulinzi. Kwa nzi wa kuzama ni sawa, ila kwa wetu unaongeza chuma bila sababu.

Ule mkia wa tausi ukitumika bila kuvuliwa, na manyoya yake ya kijani, ni mzuri pia lakini dhaifu. Meno ya trauti huukata mara moja. Nzi aitwaye Royal Coachman ana mshipi mwekundu wa hariri katikati ya tumbo la tausi, na watu hudhani ni pambo. John Haily wa New York aliuweka mwaka 1878 ili tausi asifumuke. Mimi hupaka tone la gundi kwenye uti kabla ya kuzungusha, au nasokota nyuzi tatu pamoja na uzi wa kufungia ziwe kamba moja.

Hariri yenyewe ni ya kuogopa kidogo. Ikilowa rangi yake inakolea na mwanga unaipenya, kisha chuma cha ndoana kinaonekana kupitia ndani. Njano ya limau inakuwa kijani cha kinamasi. Wakati mwingine mvuvi anataka hivyohivyo: Greenwell's Glory, nzi wa mto Tweed wa mwaka 1854, hufungwa kwa hariri ya njano iliyopakwa nta ya washona viatu ili iwe na rangi ya zeituni. Oda ikisema njano safi, weka tabaka la uzi mweupe chini kwanza, halafu peleka kwenye bilauri.

Nywele za ayala, yule wa Zaburi aioneaye shauku mito ya maji, zina vyumba vya hewa ndani. Ukizikaza kwa uzi zinafumuka pande zote, unazinyoa kwa wembe, na unapata kiwiliwili kinachoelea kwelikweli, hata kwenye maji yanayochafuka. Mgeni mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini tunaziagiza kutoka Marekani wakati swala wamejaa mbugani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kijana wangu, na hutaki kukutwa na ngozi ya swala kwenye droo. Nywele zenyewe si sawa mwili mzima: za mgongoni na ubavuni hufumuka, za usoni na miguuni hazifumuki, hizo ni za mabawa. Tumia uzi mgumu. Uzi mwembamba utakukatikia, na kila ukikatika umepoteza dakika tatu.

Foamu sina mengi ya kusema. Ni ileile jamaa ya malapa, yenye vijipovu vilivyofungika, kwa hiyo haiwezi kulowa ndani. Kwa panzi, chungu na kumbikumbi hakuna kinachoishinda. Makosa ni mawili. Mnaikaza kama mnafunga kuni, vijipovu vinabanwa na uwezo wa kuelea unaisha, tena uzi unaikata. Pili mnaijaza mpaka nafasi kati ya uti na ncha ya ndoana inazibika, halafu samaki anauma na hanasi. Foamu ya milimita 2 inatosha kwa nzi wengi. Tandaza uzi kwenye uti, tia tone la gundi, la sivyo foamu itazunguka kama gurudumu.

Kuna nzi mmoja anayevuruga haya yote, na mtakutana naye mapema kwa sababu oda zake haziishi. Klinkhåmer wa Hans van Klinken, Mholanzi, wa miaka ya 1980, ana kola iliyolala kama mwavuli juu, na kiwiliwili chake kilichopinda kinatakiwa kining'inie chini ya utando wa maji. Hapo kiwiliwili kikikataa kabisa kuzama, nzi analala ubavu na kuonekana mjinga. Kifunge chembamba kama uzi na kiache kilowe. Kwenye bilauri mwavuli ubaki juu na mkia uelekee chini.

Mtaambiwa pia kwamba mvuvi atapaka dawa ya kuelea, kwa hiyo msijisumbue. Atapaka, ndiyo. Lakini dawa haiwezi kukausha kiwiliwili ambacho kimeshashiba maji, na baada ya samaki wa pili atamtupa nzi wako na kuchukua wa mwingine.

Pakiti zikija mpya pima upya, hata kama lebo ni ileile na namba ya rangi ni ileile. Viwanda hubadilisha nyuzi bila kutuambia. Na fungeni droo zenu vizuri, kwa sababu nondo wa Nairobi hula shingo nzima ya jogoo kwa wiki moja.

Bilauri yangu ni chupa ya jemu iliyokatika mdomo. Juzi dada anayefanya usafi aliimwaga kwenye sinki, akaniambia kwa huruma kwamba nzi waliingia kwenye maji yangu ya kunywa wakafa. Walikuwa sita, namba 16, vikonyo vya tausi, na walikuwa wamekaa mle tangu asubuhi. Wanne nimewakuta kwenye chujio la sinki. Wawili naambiwa walionekana mara ya mwisho wakielea.