Jibu: Skrini nyeusi nikiweka Linux Mint kwenye laptop ya zamani

Pole sana ndugu yangu wa Ujiji, uliyeuliza kwa nini skrini inakuwa nyeusi ukiweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure wa kompyuta, kwenye laptop ya zamani. Kama flashi yenye Linux Mint inawaka, menyu inatokea, halafu skrini inakuwa nyeusi, usiitupe hiyo mashine! Ingekuwa tatizo ni prosesa (ubongo wa kompyuta) ya zamani ya biti 32, ungeona ujumbe kwamba mfumo hauikubali. Hapo ninashuku kadi ya picha, hasa ikiwa ni Nvidia ya zamani.

Kwenye menyu bonyeza herufi e (au Tab, kama mashine inawaka kwa BIOS, mtindo wa zamani), tafuta mstari unaoanza na linux, futa maneno quiet splash, andika nomodeset (amri ya kutumia picha za kawaida mpaka draiva ipatikane) mahali pake, kisha bonyeza F10 iwake (au Enter, ukiwa umetumia Tab). Laptop yangu ya 2008 hapa Tabora ilifufuka hivyohivyo. Ukimaliza kuweka, rudia hatua hiyo unapowasha mara ya kwanza, kisha tafuta draiva, yaani programu ya kuendesha kadi hiyo ya picha. Chaji betri kabla. Umeme ukikatika katikati, utaanza upya.