Klachi ya Beetle: pima kabla hujashika nati

Wewe unayeanza gereji, siku utakapokabidhiwa Volkswagen Beetle ya zamani, jua kwamba klachi yake inavutwa na waya. Waya unatoka kwenye pedali, unapita chini katikati ya gari mpaka nyuma ilipo injini, na mwisho wake umeshikwa kwenye mkono wa gia boksi, upande wa kushoto, kwa nati yenye masikio mawili. Nati hiyo hiyo inatibu magonjwa mawili yaliyo kinyume: klachi inayoteleza, yaani haishiki, na klachi isiyokata, yaani haiachii. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoharibu.

Hata mimi niliharibu. Mzee mmoja alileta gari inayonguruma mlimani bila kwenda. Nikadhani waya umelegea, nikaikaza nati kwa nguvu zangu zote. Siku ya tatu alirudi, gari inanuka kuungua, klachi pleti, ile sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi, imekwisha kabisa. Nilimtia hasara mzee wa watu, na bado inaniuma. Klachi ile ilitaka kulegezwa! Pleti inapolika, nafasi ya kucheza pedali hupungua yenyewe, mpaka rilisi beringi (beringi inayosukuma ili klachi ikate) inakuwa imeegemea presha pleti (sahani inayoibana klachi pleti) muda wote, sawa na dereva asiyetoa mguu kwenye klachi.

Kwa hiyo anza na rula. Sukuma pedali kwa vidole, maana mguu hausikii vizuri. Mwanzo itakwenda kwa wepesi, kisha utasikia uzito umeingia ghafla. Mwendo ule wa wepesi uwe kati ya milimita 10 na 20. Ikipungua hapo, legeza nati. Ikizidi, kaza. Zungusha nusu mzunguko tu, hakikisha masikio yamelala kwenye vishimo vyake, kanyaga pedali mpaka chini mara kadhaa, halafu pima tena. Ukiinua gari kufikia nati, weka stendi. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Klachi isiyokata utaijua kwa rivasi. Injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka polepole bila kukanyagwa moto, kanyaga klachi, subiri sekunde chache, kisha ingiza. Ikikwaruza, mara nyingi nafasi imezidi. Inayoteleza ipime hivi: vuta hendibreki, ingiza gia ya nne, ongeza moto kidogo na achia klachi taratibu. Klachi ikiwa nzima, injini inatakiwa izime. Ikiendelea kuzunguka, klachi inateleza. Kipimo hiki fanya mara moja, kwa sababu kinaichoma pleti.

Rula ikisema nafasi iko sawa na gari bado inateleza, achana na nati. Pleti imelika au oili imevuja kwenye sili ya krenki (mpira unaozuia oili isitoke injini) ikailowesha, na injini lazima ishuke. Mwambie mteja ukweli huo siku hiyo hiyo.

Na gari ikirudi kila wiki pedali imelegea, angalia waya wenyewe. Huwa unakatika uzi mmoja mmoja, hasa kwenye ndoano ya pedali, mahali ambapo macho hayafiki kirahisi. Ukiweka mpya, itazame ile bomba laini inayoupitisha waya kuelekea gia boksi. Inatakiwa ining'inie kwa tumbo la milimita 25 hadi 45. Ikinyooka, gari itatetemeka kila inapoondoka, na utaisingizia pleti ambayo haina kosa.